Mchawi wa Rosa, Tapeli wa Caravaggio

Mwaka 1646 au karibu na hapo, Salvator Rosa, mzaliwa wa Naples aliyekuwa akifanya kazi Florence, alikamilisha picha ya wachawi wakiwa kazini usiku. Aliyeinunua alikuwa tajiri wa benki, Carlo de' Rossi, naye akaitundika nyuma ya pazia la hariri. Wageni wake walionyeshwa kwanza picha nyingine zote, kisha pazia likavutwa. Miaka 20 baadaye Rosa bado alilisimulia jambo hilo katika barua kwa rafiki, kwa majivuno ya fundi anayejua thamani ya kazi yake. Leo picha hiyo iko National Gallery mjini London, ambako ilinunuliwa mwaka 1984. Si kubwa: upana wake ni sentimita 132 na kimo 72.

Katikati kuna mti uliokauka, na mtu amenyongwa kwenye tawi lake. Mwanamke mmoja ameinama anamkata maiti huyo kucha za vidole vya miguu. Mwingine anamfukizia moshi. Kikongwe aliye uchi anakamua kitu kama matumbo ndani ya kinu. Pembeni kuna kisanamu cha nta kilichowekwa mbele ya kioo, na upande mwingine kiunzi cha mifupa kimetolewa kwenye jeneza, kimeshikishwa kalamu, kinalazimishwa kuandika.

Mtu wa Kibomet, nje kidogo ya mji wa Kitale, magharibi mwa Kenya, angeielewa picha hii upesi kuliko watalii wengi wanaosimama mbele yake. Asingehitaji maelezo ya kucha. Tangu utotoni ameonywa asiache kucha na nywele zake ovyo kwa kinyozi, asianike nguo za ndani nje usiku kucha, asipokee chakula mahali ambapo hakuna amani. Kwenye vikao vya pombe vya Wabukusu, ambapo wazee huzunguka chungu kimoja na kila mmoja ana mrija wake, mrija wa mtu haupewi mtu mwingine kuutunza. Kilichomtuma Rosa achore kucha za maiti ni hofu ile ile: kwamba kipande kidogo cha mwili, kikiwa mkononi mwa adui, ni mlango wa kuingilia mwili mzima.

Ila Rosa hakuwa mtu wa kuogopa. Alikuwa mshairi wa kejeli, mwigizaji, msemaji sana, na mwaka huo huo wa 1646 aliandika shairi kuhusu mwanamke mchawi. Aliwachorea watu waliosoma, waliojua hadithi za wachawi kutoka kwa washairi wa Roma ya kale, na ambao walipenda kutishwa wakiwa wameketi vizuri. Pazia la de' Rossi linatuambia jambo hilo wazi. Kitu unachokiamini na kukihofia hukitundiki ukutani ukawaita wageni.

Mchawi alikuwa biashara nzuri kwa wachoraji wa karne ile. Huko Antwerp, Frans Francken Mdogo alichora mikutano ya wachawi iliyojaa watu kama soko la Jumamosi: wanawake wazee kwa vijana, mafuvu, vitabu vilivyofunguliwa, mishumaa, sufuria jikoni, na mmoja anapanda juu kupitia bomba la moshi. Moja ya picha hizo, iliyoko Vienna, ina tarehe ya 1607. David Teniers, wa mji huo huo, aliendelea na mada hiyo kizazi kilichofuata. Katika Uholanzi Jacques de Gheyn alichora kwa kalamu na wino vikongwe wakichanganya dawa zao, wakati mahakama za nchi yake zilikuwa tayari zinaachana na kesi za uchawi. Pieter van Laer alijichora mwenyewe, mnamo miaka ya 1630, akiwa mezani na vifaa vya kiganga, mdomo umeachama kwa woga, huku makucha ya shetani yakitokeza pembeni mwa picha. Huyo nampenda kuliko wote. Angalau yeye alijicheka.

Nje ya nyumba za wanunuzi hakukuwa na kicheko. Wanahistoria wanakadiria kwamba Ulaya iliua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa kosa la uchawi katika miaka takriban 300, na wengi wao, kadiri ya watatu kwa kila wanne, walikuwa wanawake. Bamberg, mji wa askofu katika Ujerumani ya sasa, ulijenga gereza maalumu la wachawi mwaka 1627. Katika Würzburg, jirani yake, hata watoto na makasisi walichomwa. Mama yake Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota aliyegundua jinsi sayari zinavyolizunguka jua, alikamatwa mwaka 1620 kwa madai kwamba alimpa jirani kinywaji kilichomdhuru. Mwanawe aliacha kazi yake akaenda kumtetea, na bibi kizee huyo alifunguliwa mwaka uliofuata baada ya miezi zaidi ya kumi kifungoni. Akafa miezi michache baadaye.

Kinywaji kwa jirani. Hapo ndipo kesi nyingi zilipoanzia, na hapo ndipo picha zilipodanganya. Rosa, Francken na Teniers walichora wachawi wakiwa peke yao msituni au jikoni, bila ya mshitaki. Katika majalada ya mahakama mambo ni kinyume: hakuna msitu, kuna ugomvi wa mpaka, maziwa yaliyokataa kuganda, mtoto aliyeugua siku mbili baada ya kikongwe kunyimwa kibaba cha unga mlangoni. Jirani ndiye mwanzo wa jambo na ndiye shahidi wa kwanza, lakini hakuna mchoraji hata mmoja niliyemtaja aliyemweka jirani huyo ndani ya fremu.

Kulikuwa na watu waliotazama jambo hili kwa jicho jingine. Daktari Johann Weyer aliandika tangu 1563 kwamba wengi wa wanawake hao ni wagonjwa wa akili, wanaokiri mambo ambayo hayakuwahi kutokea, na kwamba mgonjwa anahitaji tabibu badala ya kuni. Padri Friedrich Spee, mwaka 1631, wakati moto ukiwaka, alitoa kitabu bila ya kuweka jina lake, akionyesha kwamba mateso yanaweza kumfanya mtu yeyote akiri lolote.

Na kulikuwa na jicho la tatu, ambalo mwishowe lilishinda. Tuliangalie katika picha ya Caravaggio, aliyoichora Roma katikati ya miaka ya 1590 na kuirudia mara ya pili. Moja iko Roma kwenye majumba ya Capitoline, nyingine Louvre mjini Paris. Mna watu wawili tu. Kijana aliyevaa kofia ya manyoya na upanga kiunoni amenyoosha mkono, na msichana wa Kijipsi anamsomea kiganja. Wanatazamana. Kijana amelewa na uso wa msichana kiasi kwamba hahisi vidole vyake vikimvua pete. Miaka kama 35 baadaye Mfaransa Georges de La Tour alichora tukio la namna hiyo kwa ukatili zaidi: kijana mmoja, wanawake kadhaa, kikongwe mwenye sarafu mkononi, na mikono ya wengine ndani ya mifuko ya kijana.

Katika picha hizi hakuna shetani wala maiti. Kuna mwizi mwenye maneno matamu na mjinga mwenye pete. Na yule mtazamaji anayeelewa hila anaondoka akijiona mwerevu. Ulaya iliposita kumwamini mchawi wa Rosa, ilihamia kwa tapeli wa Caravaggio, na kuhama huko kuliandikwa katika sheria.

Sheria ya Uingereza ya 1604, iliyopitishwa chini ya Mfalme James, mwandishi wa kitabu kizima kuhusu mapepo, iliagiza kifo kwa mchawi. Mwaka 1736 bunge liliifuta. Sheria mpya haikusema kwamba mchawi asamehewe. Ilisema kwamba hayupo. Kosa sasa likawa kujifanya: kujifanya una nguvu za uchawi, kujifanya unaweza kupiga ramli, kujifanya unajua mali iliyoibiwa iko wapi. Adhabu ilikuwa kifungo cha mwaka mmoja, na mara nne katika mwaka huo kusimamishwa sokoni kwenye mkatale ili watu wamwone.

Wanasheria walifurahi. Wanavijiji hawakuambiwa kitu cha kufanya na hofu yao. Aprili 1751, miaka 15 tangu sheria ipite, umati wa watu karibu na Tring, kaskazini-magharibi ya London, uliwaburuta mzee John Osborne na mkewe Ruth hadi bwawani ili wajaribiwe kama ni wachawi. Ruth alikufa. Mtu mmoja katika umati, Thomas Colley, alishitakiwa kwa mauaji na kunyongwa Agosti mwaka huo. Wengi katika wilaya hiyo walinung'unika kwamba anauawa mtu aliyewaondolea mwanamke mbaya.

Niliposoma habari za Tring mara ya kwanza nilidhani nimekosea karne na bara.

Sheria hiyo ya kujifanya ilivuka bahari pamoja na bendera. Himaya ya Afrika Mashariki ilipata Sheria yake ya Uchawi mwaka 1909. Ikabadilishwa 1918, halafu ikaandikwa upya Novemba 1925, na hiyo ya 1925 ndiyo Wakenya wanayo hadi leo, Sura ya 67. Isome taratibu utamwona yule msichana wa Kijipsi. Anayejitangaza kuwa mganga mwenye uwezo wa kutia watu hofu au kuwadhuru, au anayejifanya ana nguvu zisizo za kawaida, anaweza kufungwa hadi miaka kumi. Anayedai ana elimu ya kile sheria inachokiita uchawi, akaitumia kwa nia ya kudhuru, ana kosa. Kuwa na hirizi au vifaa vya namna hiyo bila ya sababu ni kosa. Kisha kuna kifungu ambacho mwanakijiji wa Bungoma hukiona cha ajabu: kumwambia mtu mwingine kwamba fulani ni mchawi ni kosa, isipokuwa umewaambia wenye mamlaka, kama vile chifu. Jirani, ambaye wachoraji walimwacha nje, hapa ameingizwa, lakini kama mshitakiwa mtarajiwa.

Ilipoandikwa sheria hiyo Kitale ilikuwa na umri wa miaka michache. Ardhi ya Trans Nzoia ilikuwa imegawiwa walowezi baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wengi wao maofisa waliostaafu jeshini, na reli ilifika mjini mwaka 1926. Mwaka huo huo Kanali Hugh Stoneham alianzisha makumbusho yake ya binafsi ya wadudu, ndege na vitu vya wenyeji, ambayo baada ya kifo chake yalikuja kuwa Makumbusho ya Kitale tuyajuayo. Wabukusu, Wapokot na Wasabaot waliokuwa wakilisha mifugo na kulima huko walirudi kama vibarua na maskwota. Kwa mlowezi, mambo ya uchawi yalikuwa ushenzi wa kuchekwa barazani jioni, isipokuwa pale kibarua wake bora alipougua ghafla na wenzake wote wakakataa kumsogelea.

Sheria ilipimwa Ukambani. Mwaka 1931 mke wa Kumwaka wa Mulumbi aliugua, na mwanamke aitwaye Mwaiki akashukiwa kwamba amemroga. Waliletwa wote wawili pamoja, Mwaiki akaamriwa amwondolee mgonjwa alichomfanyia. Hakuweza kuwaridhisha. Wanaume wakampiga kwa fimbo hadi akafa, kila mmoja akishiriki, kwa desturi ya kale ambayo ilifanya hukumu iwe ya watu wote na damu isiwe juu ya mmoja. Serikali ilihesabu kwa njia yake. Watu 70 walipelekwa mahakamani, na mapema mwaka 1932 Mahakama Kuu ya Kenya iliwahukumu 60 kati yao kunyongwa kwa pamoja.

Sitini. Habari zilifika London na zikazua mzozo, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kujenga mti wa kunyongea wa ukubwa huo. Rufaa ilikataliwa, lakini Gavana Joseph Byrne akabadilisha hukumu za kifo kuwa vifungo. Washitakiwa hawakuficha walichofanya. Kwa fikra zao walikuwa wameitetea jamii dhidi ya muuaji, na serikali ambayo ilitakiwa kuwashukuru imechukua upande wa muuaji. Mbele ya hakimu picha mbili ziligongana: wao walileta ya Rosa, naye alikuwa na ya Caravaggio mezani. Kwa hakimu Mwaiki hakuwa mchawi, kwa hiyo aliyemuua amemuua mtu asiye na hatia. Hesabu yake ilikuwa sahihi kisheria, na mimi nadhani ilikuwa sahihi hata nje ya sheria. Lakini haikumfikia mtu yeyote kijijini. Mwaka 1935 G. St. J. Orde Browne, ofisa aliyetumikia Kenya na Tanganyika, aliandika kwamba machoni pa Mwafrika sheria hizi zinamkinga mchawi na kumwadhibu anayepambana naye.

Na serikali yenyewe, je, iliamini sheria yake? Angalia ilivyowatendea Watalai, ukoo wa maorkoiyot, viongozi wa kiroho wa Wanandi na Wakipsigis. Koitalel arap Samoei aliuawa kwa risasi Oktoba 1905 alipoitwa kwenye mazungumzo. Barsirian arap Manyei, mwanawe, alikamatwa 1923 na hakuwa huru hadi 1964, kizuizi cha miaka zaidi ya 40. Mwaka 1934 ikatungwa sheria mahususi ya kuwahamisha Watalai wa Kericho, nao wakapelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, wake kwa watoto. Tapeli hahamishwi na ukoo wake mzima. Wakili wa serikali angekuambia kwamba hofu yake ilikuwa ya ushawishi wao juu ya watu tu. Huenda. Lakini mwenye kukaa nje ya ofisi ya DC, mkuu wa wilaya, aliona kwamba watu wanaosema uganga ni maneno matupu ndio wanaoukimbia mbali zaidi.

Bungoma ilileta mtu ambaye hakuingia katika picha yoyote kati ya hizo mbili. Elijah Masinde alizaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, eneo la Kimilili, chini ya Mlima Elgon. Alikuwa mchezaji hodari wa kandanda, na inakumbukwa kwamba aliichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage. Alisomea kwa Wakweka wa misheni ya Friends, akafanya kazi ya kupeleka samansi za baraza la wenyeji, akatengwa na kanisa kwa kuoa mke wa pili. Kisha akasema Wabukusu warudi kwa Wele, Mungu wao, na kwa mizimu ya wazee wao, na kwamba Wazungu waondoke. Ibada hiyo iliitwa Dini ya Msambwa.

Wamisionari walikuwa wameshaizoesha serikali kuona kafara ya kondoo kaburini kama jambo moja na uchawi. Hivyo Masinde angeweza kushitakiwa kwa Sheria ya 1925, na machifu wengi wangefurahi. Shida ni kwamba hakuuza dawa, hakupiga ramli kwa malipo, hakuvua mtu pete. Mwaka 1944 aligoma kutii amri za serikali, zikiwemo za kung'oa magugu, akagombana na watu wa chifu, akafikishwa mahakamani. Akatakiwa atoe dhamana ya kukaa kwa amani, akakataa. Mwaka 1945 akapelekwa Mathari, hospitali ya wagonjwa wa akili mjini Nairobi.

Hapo Daktari Weyer wa 1563 amefika Afrika Mashariki, lakini amegeuka. Kwake yeye ugonjwa wa akili ulikuwa njia ya kumtoa kikongwe kwenye moto. Kwa serikali ya Kenya ulikuwa njia ya kumtia mhubiri ndani bila ya kujibu alichohubiri. Mathari ilikuwa chini ya J. C. Carothers, ambaye baadaye, mwaka 1953, alichapisha kitabu kuhusu akili ya Mwafrika kilichodai kwamba Mwafrika wa kawaida anafanana na Mzungu aliyekatwa sehemu ya mbele ya ubongo. Huyo ndiye mtaalamu aliyekuwa na dhamana ya kuamua nani ni mzima.

Masinde alitoka 1947, na hakutoka amenyamaza. Baadaye mwaka huo wafuasi wake walipanda kilima cha Chetambe, karibu na Webuye, kuwachinjia kondoo Wabukusu waliouawa pale na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Vita hivyo vilikuwa na umri wa miaka 52 tu, na walioviona wakiwa watoto walikuwa wangali hai. Kwa dini nyingi duniani, kuwakumbuka mashahidi mahali walipoanguka ni ibada ya heshima. Polisi waliiandika kama maandalizi ya uasi, na yamkini hawakukosea.

Tarehe 10 Februari 1948 umati wa waumini ulikusanyika Malakisi, mbele ya polisi. Risasi zilifyatuliwa, watu 11 wakafa na wengine wakajeruhiwa. Siku chache baadaye Dini ya Msambwa ikapigwa marufuku, na Masinde akakamatwa akapelekwa mbali, kwanza Lamu. Mashamba na majengo ya walowezi Trans Nzoia yaliendelea kuchomwa moto usiku. Kutoka Kitale mafundisho yalifika Pokot kupitia Lukas Pkiech, na Aprili 1950 huko Kolloa, Baringo, watu wake walipambana na polisi. Pkiech na wafuasi wapatao 28 waliuawa, na maofisa watatu wa Kizungu. Magazeti ya walowezi yalirudia picha ya zamani: usiku, moto, ngoma, damu ya kondoo, wazee wenye macho mekundu. Msituni bila ya jirani. Huwezi kujua kutoka katika maelezo hayo kwamba watu wale walikuwa na madai ya ardhi, kama vile huwezi kujua kutoka kwa Francken kwamba wanawake wa Antwerp walikuwa na deni la unga.

Mwaka 1951 Uingereza yenyewe iliifuta sheria yake ya 1736. Ilikuwa imekuwa aibu: mwaka 1944, katikati ya vita, Helen Duncan, mwanamke aliyedai anawaita wafu, alifungwa miezi tisa chini yake. Badala yake ikawekwa sheria ndogo dhidi ya wanaotapeli watu kwa njia hiyo ili wapate pesa. Kenya haikufanya vile. Watawala waliondoka Desemba 1963, na sheria yao ikabaki ilivyokuwa.

Masinde alikuwa amefunguliwa mapema kidogo, na dini yake iliandikishwa mwaka 1964. Ikapigwa marufuku tena 1968, safari hii na serikali ya Waafrika, naye akarudi gerezani. Alitoka 1978 Rais Moi alipochukua madaraka. Alikufa 1987. Maombi yake kuhusu ardhi ya Trans Nzoia hayakupata jibu kutoka kwa serikali yoyote kati ya hizo.

Leo picha zote mbili zinaishi pamoja katika mji mmoja wa magharibi mwa Kenya. Kwenye nguzo za stima kuna karatasi zenye jina la daktari kutoka Tanga, Pemba au Ukambani, namba ya simu, na ahadi za kurudisha mke, kushinda kesi, kukamata mwizi. Televisheni imeonyesha mara nyingi watu waliojaa nyuki mikononi, wakitembea mbele ya umati kurudisha pikipiki au televisheni waliyoiba, huku mganga aliyelipwa na mwenye mali akihojiwa na waandishi kwa jina lake. Kwa maneno ya sheria ya 1925 mtu huyo ameshakiri. Polisi wanasimama pale wakizuia watu wasisukumane.

Anayekufa ni mwingine. Mei 2008, katika vijiji vya Kisii, watu 11 walichomwa moto baada ya kutajwa kuwa wachawi, wanane kati yao wakiwa wanawake. Oktoba 2021, Marani, Kisii hiyo hiyo, wanawake wazee wanne waliuawa kwa siku moja baada ya kijana mmoja kudaiwa kurogwa. Kule Kilifi, wazee wanaotishiwa na watoto wao wenyewe hukimbilia Kaya Godoma, Ganze, na wengine wamekaa huko kwa muda mrefu. Mara nyingi chanzo ni shamba ambalo mrithi amechoka kulisubiri. Mtaji wa uchawi huko ni hatimiliki.

Wauaji wakipatikana hushitakiwa kwa mauaji, kama Colley, kama Kumwaka na wenzake. Kifungu kinachokataza kumtaja jirani kwa uchawi hakisikiki sana mahakamani, kwa sababu jina hutajwa kwanza matangani, kisha kwenye kikao cha ukoo, na linapofika kwa chifu, mojawapo ya mahali ambapo kulitaja si kosa, mwenye jina huwa ameshachelewa kuhama.